Pima Kina, Tafuta Hewa: Kurambaza Sangara Katika Maji Marefu



Wavuvi wengi wa Ziwa Viktoria husema maneno haya: "Samaki wamehama. Wamekwenda maji marefu." Basi mvuvi hununua petroli zaidi, huongeza kamba, na huenda mbali zaidi ya jana. Hushusha ndoano zake mpaka chini kabisa. Asubuhi huzipandisha. Mara nyingine hupata sangara wakubwa. Mara nyingine hupata chambo chake kile kile, kimekufa, hakikuguswa na samaki yeyote.

Petroli imekwisha. Chambo kimekwisha. Deni la tajiri mwenye mtumbwi liko pale pale. Nyumbani watoto wanangoja.

Je, samaki walikuwa wapi?

Mwezi huu tutazungumza juu ya kuvua sangara katika maji marefu kwa mshipi unaokokotwa nyuma ya mtumbwi. Wavuvi wa pwani huiita kazi hiyo kurambaza. Tutaona jambo moja kubwa: maji marefu yana sangara, lakini chini kabisa si mahali pao pa siku zote. Sangara hukaa palipo na hewa na chakula. Mvuvi anayejua kupima kina na kutafuta hewa hapotezi petroli yake ovyo.

Ziwa letu lina kina gani?

Ziwa Viktoria ni pana sana. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 68,800. Kwa upana hakuna ziwa jingine la Afrika linalolifikia. Lakini kwa kina si refu sana. Mahali penye kina kikubwa kabisa ni kama mita 80 tu. Ziwa Tanganyika ni jembamba, lakini kina chake kinafika mita 1,470 hivi.

Sangara si mwenyeji wa zamani wa Ziwa Viktoria. Aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960 kutoka maziwa mengine ya Afrika. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa ziwa zima. Aliwala furu kwa wingi, na aina nyingi za furu zikatoweka. Lakini sangara huyo huyo aliwapa watu wa mialoni kazi, fedha na kitoweo. Leo anauzwa mbichi, anakaushwa, anatiwa chumvi kuwa kayabo, na bondo lake linauzwa kwa bei kubwa kuliko nyama yake.

Sangara mkubwa anaweza kuzidi urefu wa mita moja na nusu. Hula dagaa, furu, uduvi wa ziwani, na hata sangara wadogo. Ni samaki mwenye nguvu. Samaki mwenye nguvu anahitaji hewa nyingi. Kambale mumi anaweza kupanda juu na kuvuta hewa kwa mdomo. Sangara hawezi. Yeye hutegemea hewa iliyo ndani ya maji tu.

Hewa huingiaje majini?

Hewa huingia majini kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni upepo. Upepo hupiga maji, mawimbi huinuka, na hewa huchanganyika na maji ya juu. Njia ya pili ni mimea midogo sana ya kijani inayoelea majini. Mchana, jua likiwaka, mimea hiyo hutoa hewa.

Njia zote mbili hufanya kazi juu. Hakuna hewa inayotoka chini. Tena huko chini hewa huliwa. Majani, samaki waliokufa, na mimea midogo iliyokufa huzama na kuoza. Kuoza kunakula hewa, kama vile moto unavyokula hewa ndani ya chungu kilichofunikwa.

Sasa angalia majira.

Kuanzia mwezi wa Juni mpaka Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu. Maji ya juu hupoa. Maji yaliyopoa ni mazito, nayo huzama. Maji ya chini hupanda. Ziwa zima huchanganyika kama uji unaokorogwa kwa mwiko. Hewa hufika mpaka chini. Katika miezi hiyo sangara wanaweza kutawanyika mpaka maji ya kina kikubwa.

Baada ya hapo jua linakuwa kali na upepo hupungua. Maji ya juu hupata joto. Maji ya joto ni mepesi. Hukaa juu ya maji baridi kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Tofauti ya joto ni ndogo, lakini inatosha kuzuia maji ya juu na ya chini yasichanganyike. Sasa maji ya chini hayapati hewa mpya. Hewa iliyokuwako huliwa kidogo kidogo. Kati ya Januari na Aprili, mahali pengi penye kina cha kupita mita 40 au 50, maji ya chini huwa karibu hayana hewa kabisa.

Je, sangara hufanya nini? Huondoka. Hupanda juu kidogo, au husogea kwenye maji mafupi, mpaka afike palipo na hewa ya kumtosha. Kwa hiyo mvuvi anayeshusha ndoano mita 60 mwezi wa Machi anaweza kuwa anavua mahali ambapo samaki hawezi kuishi. Samaki wanapita juu ya ndoano zake.

Wahenga walisema, "Maji usiyoyafika hujui wingi wake." Basi tuyafikie kwa kamba.

Namna ya kupima kina

Huhitaji mashine ya bei kubwa. Tengeneza kamba ya kupimia. Mabaharia wa pwani huiita bildi.

Tafuta kamba nyembamba iliyo imara, isiyonyooka ikivutwa. Urefu wake uwe pima 40. Pima moja ni urefu wa mikono miwili ya mtu mzima iliyonyooshwa, yaani karibu mita 1.8. Pima 40 ni kama mita 72.

Piga fundo moja kila pima. Kila baada ya pima 5 funga kitambaa cheupe. Kila baada ya pima 10 funga kitambaa chekundu. Mwisho wa kamba funga jiwe refu au chuma cha kilo moja au mbili. Chini ya jiwe paka sabuni ya mche iliyolainishwa, au mafuta mazito.

Ukifika ziwani simamisha mtumbwi. Shusha jiwe taratibu huku ukihesabu mafundo. Kamba ikilegea, jiwe limefika chini. Pandisha jiwe na uangalie sabuni. Itakuwa imenasa mchanga, changarawe au tope.

Mzee mmoja wa mwalo ninaohudumia huliweka jiwe lake karibu na pua kabla hajasema neno. Vijana walikuwa wakimcheka. Nikamwomba awaeleze. Akasema, "Tope likiwa la rangi ya udongo na linanuka udongo, navua. Likiwa jeusi na linanuka kama yai viza, naondoka." Mzee huyo ana haki. Harufu ya yai viza hutoka katika tope lililokosa hewa. Hiyo ni dalili nzuri, ingawa pekee haitoshi.

Jaribio la vikapu viwili

Kuna jaribio jingine lililo rahisi. Chukua vikapu viwili vidogo vyenye mfuniko. Katika kila kimoja tia furu mmoja mdogo aliye mzima. Funga kikapu kimoja kwenye kamba karibu na jiwe. Funga cha pili kwenye kamba hiyo hiyo, nusu ya kina. Shusha kamba, ukae nusu saa, kisha uipandishe taratibu.

Kama furu wote ni wazima na wanacheza, maji yana hewa juu na chini. Kama yule wa katikati ni mzima, lakini yule wa chini amekufa au anatweta, umepata jibu. Usivue chini. Vua katikati.

Rudia jaribio hilo kila mwezi, maana ziwa hubadilika. Pahali palipo pazuri mwezi wa Julai pengine hapafai mwezi wa Februari.

Wavuvi wa nchi nyingine nao hupima

Tatizo hili si letu peke yetu. Marekani kuna samaki mwenye mistari myeusi ubavuni. Wavuvi wa huko humwita straipa. Asili yake ni samaki wa bahari anayepanda mitoni kutaga mayai. Mwaka 1941, katika jimbo la South Carolina, mto ulizuiwa kwa bwawa la umeme, na straipa wengine wakabaki upande wa ndani. Watu walidhani watakufa. Hawakufa. Walizaana. Baadaye serikali za majimbo zikawapanda katika mabwawa mengine mengi. Ziwa Texoma, lililo kati ya Texas na Oklahoma, lilianza kupandwa straipa mwaka 1965, na leo wanazaana wenyewe humo.

Straipa mkubwa hapendi maji ya joto. Kiangazi maji ya juu yakipata joto, hushuka akitafuta ubaridi. Lakini chini nako hewa huisha. Basi hubanwa katikati, juu joto, chini hakuna hewa. Wavuvi wa huko hurambaza katika tabaka hilo la katikati. Baadhi yao hutumia mshipi wenye risasi ndani yake. Mshipi huo hubadilika rangi kila mita 9 hivi, ili mvuvi ajue ametoa kiasi gani. Ni akili ile ile ya mafundo na vitambaa vyetu.

Sangara wetu hafukuzwi na joto la juu. Yeye hufukuzwa na ukosefu wa hewa chini. Lakini fundisho ni moja: mvuvi wa maji marefu huvua tabaka la maji. Lazima ajue tabaka hilo liko wapi.

Vifaa vya kurambaza

Sasa tuangalie vifaa.

Mshipi. Tumia nailoni nene iliyo imara, urefu wa mita 80 hadi 100. Uzungushe kwenye kipande cha ubao chenye ncha mbili. Weka alama ya rangi kila pima 5, kama ulivyofanya kwenye kamba ya kupimia.

Chubwi. Hii ni risasi ya kuzamisha mshipi. Tumia robo kilo mpaka nusu kilo, kufuatana na kina. Ifunge pima 3 kabla ya ndoano, ili samaki asiiogope.

Kiungo kinachozunguka. Kifunge kati ya chubwi na ndoano. Chambo kinapokokotwa huzunguka. Bila kiungo hiki mshipi wote husokotana.

Kipande cha mwisho. Pima 2 za mwisho ziwe za nailoni nene zaidi. Mfuniko wa shavu la sangara una ukingo mkali, nao hukata mshipi mwembamba.

Ndoano. Tumia ndoano kubwa. Kumbuka, namba ya ndoano inasomwa kinyume: namba ikiwa kubwa, ndoano ni ndogo. Ndoano namba 12 ni ndogo kuliko namba 8. Soma namba kwenye pakiti kabla ya kulipa.

Chambo. Furu mzima wa urefu wa kiganja anafaa. Mpitishe ndoano mdomoni ili akae ameelekea mbele, asijipinde. Wengine hutumia kipande cha bati linalong'aa lililokunjwa kama kijiko. Likikokotwa hucheza na kumetameta kama samaki mdogo.

Namna ya kurambaza

Kwanza, pima kina. Tuseme umepata pima 20, yaani mita 36. Umefanya jaribio la vikapu, na maji yana hewa mpaka pima 15. Unataka chambo chako kipite kwenye pima 10 hadi 14.

Pili, elewa jambo hili. Mshipi unaokokotwa haushuki wima. Hulala nyuma ya mtumbwi. Ukitoa pima 30 za mshipi, chambo hakiko pima 30 chini. Pengine kiko pima 10 tu. Ukienda kasi chambo hupanda. Ukienda pole chambo hushuka. Ukiongeza risasi, hushuka zaidi.

Tatu, ujue chambo chako kiko wapi. Fanya hivi. Tafuta mahali ambapo chini ni mchanga, na umepima kina chake ni pima 12. Pita hapo kwa mwendo wako wa kawaida na mshipi wa pima 30. Kama chubwi inagusa mchanga utaisikia kwenye vidole. Kama haigusi, toa pima 2 zaidi, pita tena. Endelea hivyo mpaka iguse. Andika: "Risasi nusu kilo, mwendo wa makasia, mshipi pima 36, kina pima 12." Sasa unajua. Siku nyingine huhitaji kubahatisha.

Nne, nenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Makasia yanatosha. Kama una injini, ipunguze kabisa. Usiende moja kwa moja tu. Pinda kushoto, pinda kulia. Ukipinda, mshipi hulegea na chambo hushuka kidogo. Mara nyingi sangara hushika hapo.

Tano, pita kando ya miamba, kwenye ncha za visiwa, na mahali ambapo maji mafupi huanguka ghafla kuwa marefu. Furu na dagaa hukusanyika hapo, na sangara huwafuata. Alfajiri na jioni ni saa nzuri.

Sita, samaki akishika, usizungushe mshipi mkononi wala mguuni. Narudia, usizungushe. Sangara mkubwa akivuta ghafla mshipi hukata kidole au humtupa mtu majini. Vaa glavu au funga kitambaa kiganjani. Akivuta, mwachie. Akichoka, mvute. Mwenzako awe tayari na upembo.

Samaki mdogo atokaye maji marefu

Hapa pana jambo ambalo wavuvi wengi hawalifikiri.

Sheria ya Tanzania inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50. Sababu yake ni wazi. Samaki wa kimo hicho bado hajazaa. Sangara dume huanza kuzaa akiwa na sentimita 50 hadi 60 hivi. Jike huchelewa zaidi. Jike mkubwa mmoja hutaga mayai mamilioni.

Mvuvi mwema husema, "Nikipata mdogo, nitamrudisha." Ni vizuri. Lakini angalia samaki aliyetolewa mita 30 chini. Bondo lake lina hewa. Kule chini maji yalikuwa yakilibana. Akipandishwa upesi bondo huvimba kama puto. Tumbo hufura. Pengine utumbo hutokeza mdomoni. Ukimrudisha majini huelea ubavu. Hawezi kuzama. Ndege humla, au hufa kwa jua.

Kwa hiyo, katika maji marefu kumrudisha mdogo hakutoshi. Heri kutomvua kabisa. Tumia ndoano kubwa na chambo kikubwa. Ukipata wadogo wawili au watatu mahali pamoja, ondoka hapo. Nenda mahali pengine au badili kina. Wenzetu wa Marekani wana shida hiyo hiyo. Straipa aliyevuliwa maji marefu wakati wa joto mara nyingi hufa hata akirudishwa. Ndiyo maana wavuvi wa huko hushauriwa waache kuvua wakishapata wa kuwatosha.

Mshipi una faida moja juu ya kokoro na timba. Kokoro huzoa mama, mtoto na mayai. Timba ikikatika hubaki ziwani ikiua bila mwenyewe. Mshipi humvua samaki mmoja mmoja, na mvuvi anaweza kuchagua. Lakini mshipi huo hauna faida kama mvuvi hachagui.

Shamba na ziwa

Mimi ni mtu wa kilimo. Labda utauliza, "Bwana shamba anatafuta nini ziwani?" Nitakujibu.

Mvua kubwa ikinyesha kwenye shamba lisilo na matuta, udongo husombwa. Pamoja na udongo huenda mbolea na samadi. Vyote huingia mtoni, na mto huvimwaga ziwani. Maji machafu ya mijini nayo huingia. Vitu hivyo ni chakula cha ile mimea midogo ya kijani. Hustawi mpaka maji yanakuwa ya kijani kama mchuzi wa kisamvu. Kisha hufa, huzama, na kuoza. Kuoza kunakula hewa. Kwa hiyo tabaka la chini lisilo na hewa linakuwa nene zaidi, na mahali pa samaki kukaa panapungua.

Tena, wakati mwingine dhoruba hukoroga maji ghafla. Maji ya chini yasiyo na hewa hupanda juu mahali samaki walipo. Samaki hukosa pumzi na kufa kwa pamoja. Mapema mwaka 2021 sangara wengi walionekana wakielea wamekufa upande wa Uganda. Wataalamu wa huko walieleza kuwa hewa ilikuwa imepungua majini. Ukiona samaki wengi wanaelea hivyo, usiwaokote kuuza wala kula. Toa taarifa kwa afisa uvuvi upesi.

Basi mkulima anayelima matuta kukinga mteremko, anayepanda majani ya tembo kwenye kingo, analinda hewa ya samaki. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto ziachwe bila shughuli za kudumu za kuharibu mazingira. Mita hizo 60 si ardhi iliyopotea. Ni chujio la ziwa.

Usalama kwanza

Maji marefu yako mbali na nchi kavu. Kabla ya kuondoka fanya haya:

1. Sikiliza redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa. Wakisema kuna upepo mkali, baki mwaloni.
2. Vaa jaketi la kujiokolea. Lisiwe mto wa kukalia.
3. Mwambie mtu wa nyumbani au kiongozi wa mwalo unakwenda upande gani na utarudi saa ngapi.
4. Beba makasia hata kama una injini. Beba kopo la kukumbia maji, tochi, na simu iliyofungwa kwenye mfuko usiopitisha maji.
5. Ukiona wingu jeusi linapanda na upepo baridi unaanza ghafla, pandisha mshipi na uende pwani iliyo karibu. Usingoje samaki wa mwisho.

Samaki wa kesho yuko. Mvuvi aliyezama hayuko.

Kalamu na mshipi

Wewe unayesoma ukurasa huu unajua kusoma na kuandika. Basi elimu hiyo ipande mtumbwini. Nunua daftari dogo. Lifunge kwenye nailoni lisilowe. Kila ukirudi andika mambo sita: tarehe, mahali, kina cha maji, kina cha chambo, samaki uliopata, na petroli uliyotumia.

Kwa mfano:

Februari 10. Ncha ya kisiwa. Maji pima 28. Chambo pima 25. Sangara 0. Petroli lita 15.

Februari 12. Ncha ya kisiwa. Maji pima 28. Chambo pima 13. Sangara 4. Petroli lita 8.

Angalia mistari hiyo miwili. Mahali ni pamoja. Mwezi ni mmoja. Kilichobadilika ni kina cha chambo na hesabu ya petroli. Mvuvi mwenye daftari kama hilo kwa mwaka mzima anajua mambo ambayo mgeni hawezi kumwambia. Tena akienda kwa tajiri kufanya hesabu, haendi mikono mitupu. Ana maandishi yake. Lita alizotumia ameziandika mwenyewe. Samaki alioleta amewaandika mwenyewe. Hapo mazungumzo yanakuwa ya watu wawili wanaojua hesabu.

Wavuvi watano wa mwalo mmoja wakiweka madaftari yao pamoja, wanaweza kuchora ramani ya kina cha maji yao na hewa yake kwa kila mwezi. Kikundi cha ulinzi wa uvuvi cha mwalo, yaani BMU, kinaweza kuibandika ukutani. Hiyo ni mali ya wote.

Tukumbuke

Sangara hukaa palipo na hewa na chakula, si lazima chini kabisa.

Wakati wa kusi hewa hufika chini, unaweza kushuka. Wakati wa joto na mvua, panda juu.

Pima kina kwa kamba. Jaribu hewa kwa vikapu viwili.

Tumia ndoano kubwa. Mdogo wa maji marefu akirudishwa mara nyingi hufa.

Andika kila safari.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika mwalo wenu, ni miezi gani chambo hurudi kimekufa bila kuguswa? Mlikuwa mmekishusha pima ngapi?
2. Nani kati yenu ana kamba ya kupimia? Mnaweza kutengeneza moja ya kutumia pamoja?
3. Ni shamba lipi karibu na mwalo linalomomonyoka? Mwenye shamba na wavuvi wanaweza kusaidianaje?
4. Kila mmoja aandike mistari sita ya safari yake ya mwisho. Kisha msomeane.